Mali Bila Daftari: Brussels na Elimu ya Maafa



Mwezi Mei 1996 tulikuwa wanafunzi wa uhandisi hapa Brussels. Habari za kuzama kwa MV Bukoba karibu na Mwanza tulizipata kwenye Idhaa ya Kiswahili ya BBC, tukakimbilia kibanda cha simu na kadi zetu mkononi. Tulikuwa tukiulizia majina tu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kagera, alikuwa na mjomba wake huko daraja la tatu. Tukakaa matanga bwenini bila kujua kama tunaomboleza au tunasubiri.

Kumbe vituo vichache tu vya metro kutoka kwetu walikuwepo watu ambao kazi yao ilikuwa swali hilo hilo. Ukishuka Alma, unafika kampasi ya tiba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Huko ndiko kiliko kituo cha utafiti wa maafa kiitwacho CRED, kilichoanzishwa mwaka 1973 na Profesa Michel Lechat.

Mzee huyu aliijua Afrika. Miaka ya 1950 alikuwa daktari wa wagonjwa wa ukoma kule Yonda, karibu na Mbandaka, Kongo. Mwandishi Graham Greene alimtembelea mwaka 1959, kisha akamtabarukia riwaya yake A Burnt-Out Case. Kwa maoni yetu, mbegu ya kituo ilipandwa huko. Daktari wa ukoma haishi kwa huruma peke yake. Lazima awe na daftari: nani anaumwa, tangu lini, anaishi wapi, nani amepona.

Lechat na wenzake waliyapeleka mawazo hayo kwenye maafa. Lilipotokea tetemeko la Guatemala, Februari 1976, lililoua watu wapatao 23,000, walichunguza jinsi misaada ilivyoendeshwa. Walitaka kujua kama kilichopelekwa ndicho kilichohitajika. Wengi waliona swali hilo ni la utovu wa shukrani. Leo ndio msingi wa fani nzima.

Mwaka 1988 kituo kilianzisha daftari la maafa ya dunia, EM-DAT. Tukio huingizwa humo likiua watu 10 au zaidi, au likiathiri watu 100 au zaidi, au serikali ikitangaza hali ya hatari au kuomba msaada wa kimataifa. Baadaye yakafuata masomo ya shahada ya uzamili. Mwaka 1993 ulizaliwa mtandao wa vyuo vya Ulaya uitwao NOHA, unaofundisha kazi za misaada ya kibinadamu. Chuo kingine cha hapa, Vrije Universiteit Brussel, kilishirikiana na Chuo cha Piemonte Orientale cha Italia kuanzisha uzamili wa tiba ya maafa. Madaktari hujifunza kuamua, kati ya majeruhi mia, nani ahudumiwe kwanza.

Mtu anaweza kuuliza: je, huruma inahitaji shahada? Turudi Mwanza. MV Bukoba ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi, na ndani walisikika watu wakigonga. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikaenda chini. Sisi wahandisi kila tukilikumbuka tundu lile tunanyamaza. Hapakukosekana moyo. Alikosekana mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye mamlaka ya kusema, "Subirini."

Na hesabu? Mpaka leo wengine husema waliokufa ni zaidi ya 800, wengine karibu 1,000. Septemba 2018, katika ziwa lile lile, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya 220. Ilielezwa kwamba mkata tiketi naye alizama, na mashine yake haikuonekana. Miaka 22 ilikuwa imepita, na bado idadi ya waliopanda haikujulikana.

Vijana wetu wa hapa husomea biashara na kompyuta, nasi wazazi tunafurahi. Lakini mmoja akija nyumbani akasema anataka kusomea maafa, tusimcheke, wala tusimwambie anajitakia mikosi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yule mwenzetu wa Kagera ni mzee sasa, ana wajukuu. Jina la mjomba wake hajaliona kwenye orodha yoyote.