Walikuja kwa njia ya mito: familia za wamisionari chini ya Mlima Rungwe

Pale Uyole, barabara kuu ya Zambia inapoachia tawi la kusini kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu, malori ya ndizi, viazi na mchele hupishana mchana na usiku. Mtu anaweza kudhani kila kilichowahi kuingia Rungwe kilipitia hapa. Wamisionari wa kwanza hawakupitia. Mwaka 1891 waliingia kwa mlango wa kusini, na mlango huo ulikuwa wa maji.

Walikuwa wanne, wote wa Kanisa la Moravian, ambalo makao yake yalikuwa mji mdogo wa Herrnhut huko Ujerumani: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Walishuka meli Quelimane, pwani ya Msumbiji, wakapanda Mto Zambezi, kisha Shire. Kwenye Shire kuna maporomoko ambayo hakuna boti inayoyapita, kwa hiyo mizigo yote ilibebwa vichwani hadi Blantyre, ikateremshwa tena mtoni huko Matope, ikapakiwa upya kwenda Ziwa Nyasa. Karonga ilikuwa kituo cha mwisho cha maji. Hapo palikuwa na harufu ya baruti bado, maana kampuni ya Waingereza ilikuwa imepigana miaka michache tu nyuma na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, ambaye hakuangushwa hadi mwaka 1895. Georg Martin hakuiona Rungwe. Alikufa mwaka huohuo wa 1891, safari ikiwa bado haijaisha.

Mwaka huohuo alifika Alexander Merensky wa Misioni ya Berlin, ya Kilutheri, mzee wa kazi aliyekwisha kutumika miaka mingi Transvaal. Wajerumani hao wa makanisa mawili wakagawana nchi: Waberlin upande wa mashariki, kuelekea Ukinga, Ubena na Uhehe, Wamoravian upande wa magharibi. Wenyeji hawakuulizwa. Ndiyo sababu hadi leo ukitoka Mbeya kwenda Njombe na Iringa unawakuta Walutheri wengi, na ukishika njia ya Tukuyu na Mbozi unakutana na Wamoravian.

Wanawake walifuata baadaye, kwa njia ileile ya mito, na hapo ndipo misioni ilipogeuka kuwa nyumba za familia. Vitabu vingi vya kanisa husimulia wanaume: nani alihubiri wapi, nani alijenga nini. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kihistoria. Mnyakyusa wa mwaka 1895 hakuwa na haja sana na mahubiri ya mgeni. Alichokitazama ni jinsi mgeni anavyoishi: anakula na nani, anasema na mkewe vipi, mtoto wake akiugua anafanya nini.

Na watoto waliugua. Rungwe ilichaguliwa kwa sababu ya baridi yake. Uzoefu ulikwisha kuwafundisha kwamba homa zinapungua ukipanda juu. Lakini watu wengi walikuwa bondeni pia, huko ambako Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji ziwani na mafuriko hulaza mpunga. Mwaka 1894 ikafunguliwa Rutenganio, na mwaka huohuo Ipyana, chini kabisa, katika nchi ya Kyela ya leo. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba malaria inaletwa na mbu. Ronald Ross aliligundua hilo mwaka 1897, kule India. Watu waliogopa hewa ya vinamasi, wakameza kwinini. Kuishi Ipyana na mtoto mchanga lilikuwa jambo la kubahatisha.

Aliyenusurika homa alikuwa na safari nyingine inayomsubiri. Wamoravian walikuwa na utaratibu wa siku nyingi: mtoto wa mmisionari akifikia umri wa kusoma anapelekwa shule ya bweni ya kanisa Ujerumani, wengi wakienda Kleinwelka, huko Saxony. Mtoto wa miaka sita au saba alipandishwa boti, akateremka ile mito yote, asimwone mama yake kwa miaka mingi. Wengine hawakuwaona wazazi tena.

Hili lilionekanaje kwa jirani? Wanyakyusa nao walikuwa na desturi ya kumtoa mtoto nyumbani. Mvulana akifika miaka kumi hivi, aliacha kulala kwa wazazi akaenda na wenzake wa rika kujenga kijiji chao. Monica Wilson, aliyeishi Bunyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 (naye mwenyewe alikuwa mtoto wa wamisionari, wa Afrika Kusini), aliieleza desturi hiyo kwa kirefu katika kitabu chake *Good Company*. Ila wavulana wale waliendelea kurudi kwa mama zao kula, tena kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijiji cha rika kilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwa mama. Kleinwelka ilikuwa ng'ambo ya bahari. Anayesema mzungu alikuja kufundisha Waafrika maisha ya familia aanze kwanza na hesabu hiyo.

Miongoni mwa familia hizo, moja inastahili kutajwa kwa jina. Traugott Bachmann alifika mwaka 1892, na mwaka 1899 akaenda na mkewe Elisabeth kufungua kituo cha Mbozi, kwa Wanyiha. Mwanzoni alishika sheria ya kanisa: mwanamume mwenye wake wengi abaki na mmoja ndipo abatizwe. Kadiri alivyokaa ndivyo alivyoona wanaoumia ni wale wake wanaoachwa, na mwishowe akaipinga sheria hiyo, jambo lililomgombanisha na wenzake. Ndugu zake wa Herrnhut walimwona msumbufu. Mimi namwona mmoja wa wachache waliokubali kufundishwa na nchi waliyokuja kuifundisha. Agano Jipya la Kinyiha, alilolitafsiri, likachapwa mwaka 1913.

Na yuko Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari huko Utengule, ng'ambo ya pili ya Mbeya. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1895 kando ya boma la Merere, mtawala wa Wasangu aliyekuwa amesukumwa huko na Wahehe. Merere aliporudi zake Usangu, misioni ilibaki na Wasafwa. Elise alisikiliza. Aliandika juzuu tatu juu ya Wasafwa, zikatoka kati ya 1926 na 1929, na pia akayanakili masimulizi ya wanawake waliowahi kutekwa na kuuzwa utumwani. Bila kalamu yake, wanawake hao wangekufa na habari zao.

Mwezi Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakachukua Tukuyu. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, wake na watoto wakiwemo, wakaondolewa nchini. Waskoti wa misioni ya Livingstonia walipewa kuangalia vituo, lakini walikuwa wachache na mbali. Kwa karibu miaka kumi, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walioendesha ibada, shule na maziko kila siku walikuwa walimu na wazee wa kanisa wenyeji. Kanisa halikufa. Muumini wa kwanza kubatizwa Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke, Fiabarema. Kufikia vita, wenziwe walikwisha kuwa wengi kiasi cha kulibeba wenyewe.

Barua za kina Bachmann na Richard zimehifadhiwa Herrnhut, kwa Kijerumani. Za walimu wale wa 1916 hadi 1925 zipo huku kwetu, kama zipo: katika masanduku ya chuma, ndani ya Biblia za babu, Rungwe, Mbozi, Ileje na Kyela. Kama familia yako inayo barua, cheti cha ubatizo au daftari la shule la miaka hiyo, usilichome wala kulitupa wakati wa kubomoa nyumba ya zamani. Peleka nakala Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji hapa Mbeya, au ofisi ya jimbo la kanisa iliyo karibu nawe, kabla mchwa hawajatangulia.