Pumzi ya Kina na Asidi ya Damu: Kutoka Kilifi hadi Kisugu

Kituo cha afya cha Kisugu, katika Tarafa ya Makindye jijini Kampala, ni cha ngazi ya tatu. Vituo vya ngazi hiyo havikukusudiwa kuwa na mashine ya kupima gesi za damu. Mtoto mwenye malaria kali hupelekwa hospitali kubwa, na uamuzi wa kumpeleka hutegemea jicho la muuguzi na maneno ya mama.

Damu ya mtu mzima wa afya hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45. Asidi ikizidi, bikabonati huipokea kwanza, na zao lake ni maji na kabonidioksidi. Mapafu huitoa gesi hiyo kwa kupumua kwa kina, jambo la dakika chache. Figo hutoa asidi katika mkojo na kurejesha bikabonati, kazi ya saa nyingi hata siku. Adolf Kussmaul aliieleza pumzi hiyo kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1874, miaka 35 kabla Sørensen hajabuni kipimo cha pH. Jicho, basi, lilitangulia kipimo.

Huko Kilifi, katika miaka ya 1990, Kevin Marsh, Mike English na wenzao walionyesha kuwa watoto wengi wa malaria waliopumua kwa kina walikuwa na asidi nyingi damuni, na kwamba dalili hiyo iliashiria hatari ya kifo. Awali pumzi kama hiyo ilidhaniwa kwa wepesi kuwa ya moyo ulioshindwa au nimonia. Kati ya 2013 na 2015, Hospitali ya Mulago iliwafuatilia watoto 290 wenye upungufu mkali wa damu na laktati ya juu: damu iliyohifadhiwa siku 25 hadi 35 iliishusha laktati karibu sawa na damu mpya.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, “kupumua kwa shida”, tafsiri iliyozoeleka, hufunika mambo mawili: mapafu yaliyoziba, na mapafu mazima yanayohangaika kufukuza asidi. La kwanza huhitaji oksijeni. La pili huhitaji dawa ya malaria na, pengine, damu, bila kuchelewa. Mwongozo utakaoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya vituo kama Kisugu unahitaji istilahi mbili. “Pumzi ya kina” ipo tayari, na mama yeyote huielewa.