Kabla Useme Kikundi cha Kuacha Pombe ni Kitu cha Wazungu

Taja kikundi cha kuacha pombe hapa Kasikeu uone. Jibu ni lilelile: "Hayo ni mambo ya wazungu. Mkamba gani ataketi kwa duara aambie watu ati pombe imemshinda?" Wazee wanasema hivyo, maboyz pia. Mimi chuo niliacha katikati, sina cheti cha kumtishia mtu. Lakini historia nimesoma, na haiko upande wao.

Tuanze na kaluvu, pombe yetu ya asali. Ilikuwa ya mahari, ya kumwagia wahenga, ya kumaliza kesi. Kijana hakupewa ovyo. Hiyo story kila mtu anaijua, na siku hizi inatumiwa kutuchapa nayo: eti shida ni vijana kukosa adabu. Polepole basi. Mwanahistoria Justin Willis aliandika kitabu kizima kuhusu pombe Afrika Mashariki, Potent Brews (2002), na kitu kimoja kinachotoka pale ni kwamba pombe ilihusu mamlaka. Anayeamua nani anywe ndiye mkubwa. Halafu reli ikapita hapo Sultan Hamud, ikafika Nairobi 1899, na kazi za mshahara zikaja nayo. Kijana mwenye pesa yake mfukoni hangoji mzee amwite.

Serikali ilijibu kwa marufuku. Tayari mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kule Brussels kuzuia pombe kali zisiuziwe Waafrika sehemu kubwa ya bara. Baada ya uhuru, mchezo uleule. Sheria ya 1980 ilipiga chang'aa marufuku. Watu waliacha? Wapi. Novemba 2000 pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 100 mitaa ya mabanda Nairobi. Ndipo ikaja sheria ya 2010, ile tunaita ya Mututho, ikahalalisha chang'aa kwa masharti. Na bado Mei 2014 watu walikufa na wengine wakapofuka, Kitui na Makueni zikiwemo.

Sheria ya 2010 ilitaja pia matibabu ya waraibu, tuwe wakweli. Lakini huku kijijini tulichoona ni saa za kufungua baa na polisi wakimwaga mitungi. Yule ambaye mikono inatetemeka asubuhi, aende wapi?

Sasa hao "wazungu". Juni 1935, mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, Bill na Bob, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba mlevi akiongea na mlevi mwenzake anapata siku moja zaidi bila kunywa. Hiyo ndiyo AA. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja tu, utake kuacha. Majina ya ukoo yanabaki nje ya mlango, na pesa za wafadhili hawachukui, wanachanga wenyewe.

Ebu linganisha na mwethya. Shamba lako limekushinda, unaita utui, watu wanakuja na majembe. Kesho ni zamu ya mwingine. Miaka ya 1950 vikundi hivyo, wengi wakiwa akina mama, ndivyo vilichimba matuta ya Machakos, na Makueni wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos. Hakuna aliyeona aibu kusema "shamba limenishinda". Ukitoa jembe ukaweka kiti cha plastiki, umebaki na kitu kilekile.

Hii siandiki kutoka kitabuni pekee. Mwaka huu nilimsindikiza mjomba. Kikundi chenyewe hakina bango, nilikipata kwa kuulizauliza, na mji siutaji kwa sababu mnajua kwa nini. Iko kando ya barabara ya Mombasa, hiyo inatosha. Kuna mikutano ya waraibu peke yao na kuna ya wazi. Huu ulikuwa wazi, nikakaa nyuma. Watu wanane, wawili wakiwa wanawake, Kikamba na Kiswahili vikichanganywa. Hakuna aliyeandika chochote. Mjomba alisema jina lake la kwanza, akanyamaza saa nzima. Njiani kurudi nikamuuliza, "Mjomba, umeonaje?" Akasema, "Yule wa shati ya bluu amesema mambo yangu."

Wiki ya nne hakwenda. Jumatatu simu mbili, Jumanne wa shati ya bluu yuko kwa geti na pikipiki. Mwethya ilikuwa hivyohivyo: ukikosa, unaulizwa.

Kitu kimoja cha muhimu. Anayekunywa sana kila siku asikate ghafla nyumbani peke yake. Anaweza kupata degedege na kufa. Aanzie hospitali, kikundi kifuate. Na NACADA wana namba ya bure, 1192.

Shida yetu sasa ni nauli. Kutoka Kasikeu ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na mwisho wa mwezi hiyo ni unga. Mjomba ameshapata wenzake wawili wa huku. Wanatafuta chumba.