Eurostile: Zijue Herufi za ‘Siku Zijazo’ na Mahali Zinapofaa

Mwaka jana tulitundika bango la kuchangisha fedha za kuezeka madrasa ya mtaani kwetu. Kijana aliyelitengeneza kwenye kompyuta alichagua herufi pana zenye umbo la mraba, kama zile za filamu za angani, na sisi wanakamati sote tukampa hongera. Siku ya pili mzee mmoja akaja na simu mkononi. Mchango wake ulikuwa umekwenda kwa mtu mwingine kwa sababu ile 6 ya kwenye bango aliisoma 8. Fedha zilirudi, alhamdulillahi, lakini nilibaki na swali: herufi zile zilitoka wapi, na zilitengenezwa kwa kazi gani?

Mama wa herufi za namna hiyo ni Eurostile, zilizozaliwa Turin, Italia, katika kiwanda cha Nebiolo. Wakati huo herufi za kupigia chapa zilikuwa zikisubiwa kwa risasi, moja moja, na kiwanda hicho kilikuwa na mafundi wake wa kuzichora. Mwaka 1952 wawili kati yao, Alessandro Butti na Aldo Novarese, walitoa seti iliyoitwa Microgramma. Ilikuwa na herufi kubwa tupu pamoja na tarakimu, bila herufi ndogo. Miaka kumi baadaye, 1962, Novarese akaikamilisha kazi hiyo kwa kuongeza herufi ndogo na unene wa aina mbalimbali, akaiita Eurostile, yaani mtindo wa Ulaya.

Umbo lake ni rahisi kulitambua. Kwanza, hazina vile vikono vidogo tunavyoviona kwenye ncha za herufi za vitabuni na magazetini. Pili, herufi ya O si duara kamili wala si mraba kamili. Ina pande nne zilizonyooka kidogo na pembe zilizoviringwa, mfano wa kioo cha televisheni ya zamani. Umbo hilo ndilo linalorudi kwenye C, D, G, Q na karibu tarakimu zote.

Mbona zikaitwa herufi za siku zijazo? Ni kwa sababu ya zama zake. Miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa miaka ya televisheni, ndege za jeti na safari za angani, na umbo lile la kioo cha televisheni lilionekana ndio usasa wenyewe. Kisha sinema ikatia muhuri. Filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, *2001: A Space Odyssey*, ilitumia Eurostile nene na pana kwenye vyombo vya ndani ya chombo cha angani. Tangu hapo watengenezaji wengi wa filamu wakitaka mtazamaji ajue kwamba yuko kwenye zama zijazo, huandika kwa herufi hizi au dada zake.

Sasa tuje kwenye matumizi. Herufi hizi, hasa zile pana, ni za maonyesho: jina la duka, kichwa cha tangazo, neno moja au mawili makubwa. Kwa habari ndefu zinachosha macho, kwa kuwa herufi nyingi zimevaa umbo moja na jicho linakosa alama ya kushika. O hufanana na D, B na 8, na 6 na 8. Ukizipunguza au ukizitazama kwa mbali, tofauti hupotea.

Kiswahili nacho kina mtihani wake. Mwingereza akiandika “welcome” ametumia herufi saba. Sisi “tunawakaribisha” ina 15. Ukiiweka kwa herufi pana, bango halitoshi, na hapo fundi huanza kuzibana kwa kompyuta mpaka zinapoteza sura. Afadhali kuchagua neno fupi, kama “Karibu”, au kuchagua herufi nyembamba.

Kwetu Pwani jambo hili halifai kuwa geni. Hati za Kiarabu tumezizoea tangu chuoni, na kila hati ina pahala pake. Thuluthi ni ya kuta za msikiti, vichwa vya sura na kiswa ya Al-Kaaba. Naskhi ndiyo ya kuandikia msahafu wenyewe, kwa sababu ni nyepesi kusomeka. Hakuna anayeona kwamba naskhi imedharauliwa kwa kutopambwa kama thuluthi. Kila moja imepewa kazi yake.

Basi ukienda kwa mpiga chapa, iwe ni bango la mchango, kadi ya harusi au tangazo la zahanati, mwambie aweke kichwa kwa Eurostile ukipenda. Namba ya simu, tarehe, saa na mahali ziandikwe kwa herufi za kawaida zenye nafasi ya kutosha. Kabla hujalipa, bandika nakala ukutani, rudi nyuma hatua 20, kisha mwombe mtu mzima asiyevaa miwani akusomee namba. Akisita kwenye tarakimu moja, badilisha herufi.

Bango letu tulilichapisha upya. Kichwa tulikiacha vile vile, maana kilipendeza. Namba tuliibadilisha.