Kiyoyozi cha paani (kukikalisha upya na kukiziba)

Kazi ya kunyanyua kiyoyozi kilichofungwa juu ya gari la kambi, kubadilisha gasketi yake na kukirudisha ili mvua isipenye. Katika uwanda wa kati wa Tanzania huyahusu hasa magari ya safari ndefu yanayopita Dodoma kati ya Arusha na Iringa, kwenye njia ya kale ya Kairo hadi Cape Town.

Dodoma, iliyo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua takriban Desemba hadi Aprili; miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Gasketi, ambayo ni sponji ya mpira, hukakamaa kiangazi, na mitikisiko ya barabara hulegeza bolti. Kasoro hujificha mpaka mvua ya kwanza, hivyo ukaguzi wa Oktoba au Novemba una thamani kubwa.

Umeme hukatwa kwanza. Bolti, ambazo kwa kawaida ni nne na hufikiwa kutoka ndani, hufunguliwa, kiyoyozi hunyanyuliwa, kisha paa husuguliwa hadi mabaki ya gundi yaishe. Gasketi mpya hukalishwa kavu. Kupaka silikoni kuzunguka kitako ni kosa baya: huzuia maji ya kiyoyozi chenyewe kutoka. Bolti hukazwa kidogo kidogo kwa mshazari mpaka gasketi ibonyee karibu nusu ya unene wake. Kuzidisha hupinda kitako.

Tone linaloanguka kiangazi, mashine ikifanya kazi, kwa kawaida si la mvua. Vitundu vya kutolea maji huwa vimezibwa na vumbi, navyo husafishwa bila kunyanyua kiyoyozi.