Mafuta ya kunukia katika chakula cha kuku wa mayai

Ni mafuta mepesi yanayokenekwa kwa mvuke kutoka kwenye majani, maua au makonyo ya mimea, kisha kuchanganywa katika chakula cha kuku wanaotaga kwa kiasi kidogo sana, aghalabu gramu 100 hadi 300 kwa tani. Matumizi yake yalishika kasi Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo, kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Viambato vyake kama timoli, kavakroli na yujenoli huharibu utando wa bakteria tumboni mwa kuku. Pia huchelewesha chakula kuchacha.

Faida hiyo ya pili ndiyo yenye uzito Mwanza. Huko chakula cha kuku hutegemea pumba za mahindi, mashudu ya pamba au alizeti, na dagaa wa Ziwa Victoria wanaouzwa kwa magunia Mwaloni Kirumba. Dagaa wakianikwa mchangani na kunyeshewa huvunda, mafuta yao huchacha, na yai huja na harufu ya samaki. Waliokwisha kuharibika hawaokolewi na mafuta yoyote, kwa hiyo kichanja kizuri cha kuanikia hutangulia.

Tanzania ina chanzo chake cha mafuta haya. Kiwanda cha Wawi, Pemba, hukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu, yenye yujenoli nyingi. Kando ya ziwa kivumbasi, mmea wa kunukia, hujiotea, ila nguvu ya majani yake hubadilika kwa udongo na msimu, na kipimo chake ni kigumu. Mafuta haya huruka yakipata joto, hivyo huchanganywa mwishoni. Hata yakitumika, chanjo ya mdondo hubaki palepale.