Ada ya Mtabiri: Bujumbura na Ufadhili wa Masomo ya Hali ya Hewa

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilinyesha kaskazini mwa Bujumbura. Korongo la Gatunguranga lilifurika, maji na matope yakaingia mitaa ya Kamenge, Kinama na Buterere, kuta za matofali mabichi zikawaangukia watu waliolala, na zaidi ya watu 60 wakapoteza maisha. Tangu hapo mji umeendelea kuvamiwa na maji kutoka pande mbili: yale yanayoteremka milimani, na yale ya Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi ambayo yamewahamisha wakazi wa Gatumba, jirani na mji, mara kwa mara, hasa mwaka 2020, 2021 na 2024. Baada ya kila gharika hujadiliwa mitaro, ujenzi holela na mahema ya waliopoteza makazi. Ni nadra kusikia mjadala kuhusu bajeti ya kumsomesha mtu ambaye kazi yake ni kutoa tahadhari siku moja kabla.

Hoja ya makala hii ni kwamba fedha za kusomea hali ya hewa zipo, ila zimepangwa kumfikia mtu aliyekwisha ajiriwa. Mwanafunzi wa fizikia au jiografia katika kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, mwenye miaka 20 na hamu ya kuzielewa mvua za kwao, hana pa kuziombea.

Huenda mtu akauliza kwa nini Burundi ijisumbue, wakati simu ya mkononi huonyesha utabiri wa Bujumbura bure. Jibu liko katika sura ya nchi yenyewe. Mji uko ufukweni mwa ziwa, mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Bugarama, katika umbali usiofika kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, unafika kwenye safu ya Kongo-Nili inayozidi mita 2,000. Chini mvua ya mwaka ni takribani milimita 800. Juu inakaribia mara mbili yake. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Kompyuta zinazokokotoa hewa ya dunia nzima hugawanya uso wa dunia katika miraba ambayo upande wake mmoja huwa kati ya kilomita 9 na 25, hivyo miraba michache tu humeza ufukwe, mteremko na kilele kwa pamoja. Namba inayotoka humo huhitaji kusahihishwa na mtu anayejua kwamba wingu likisimama juu ya mteremko wa Mumirwa saa kumi jioni, ni makorongo ya mjini yatakayojaa usiku. Ujuzi huo haununuliwi pamoja na mtambo.

Wala si suala la hiari. Tangu tarehe 1 Desemba 2016, viwango vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani vinamtaka mtabiri anayehudumia usafiri wa anga awe amekamilisha mafunzo ya msingi ya kitaaluma ya hali ya hewa, ambayo kwa kawaida ni ya ngazi ya shahada. Nchi yenye uwanja wa ndege wa kimataifa inawahitaji watu hao. Kwa Burundi, jukumu liko mikononi mwa IGEBU, taasisi inayobeba jiografia, ramani, maji na hali ya hewa kwa wakati mmoja. Mzigo si mdogo.

Shirika hilo la dunia lina mpango wake wa ufadhili, na vituo vyake vya mafunzo vya kanda vinajulikana: Nairobi, Oran nchini Algeria, Niamey nchini Niger, Nanjing nchini China. Warundi waliosoma kwa Kifaransa wangeona Oran na Niamey kuwa karibu zaidi kwa lugha, ingawa ni mbali kwa nauli. Lakini ombi la ufadhili halitumwi na mwanafunzi. Hupitia kwa mwakilishi wa kudumu wa nchi katika shirika hilo, ambaye kwa kawaida ni mkuu wa idara ya hali ya hewa, na mkuu huyo, kama binadamu yeyote mwenye watumishi wachache, hupendekeza watu wake. Si upendeleo. Ndivyo utaratibu ulivyo, na una faida yake, kwani mfadhiliwa hutakiwa kurudi kuitumikia nchi iliyompeleka. Kasoro ni kwamba unaendeleza waliomo bila kuongeza idadi yao.

Anayebaki nje anategemea serikali. Hapo ndipo mwaka 2017 ulipobadilisha mambo: amri ya rais iligeuza ruzuku ya wanafunzi kuwa mkopo, ule unaoitwa chuoni prêt-bourse, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi wakagoma. Serikali ilikuwa na sababu zake. Hazina ilikuwa imepungukiwa tangu wafadhili wa nje wajiondoe baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015. Kenya na Tanzania pia hukopesha, moja kupitia bodi yake ya HELB tangu 1995, nyingine kupitia Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Kukopesha si kosa. Kosa ni kumkopesha mtabiri mtarajiwa kwa masharti yale yale ya mtu anayesomea fani yenye soko, wakati mwajiri wake ni mmoja tu nchini na mshahara ni wa serikali.

Marekani, nchi isiyosifika kwa ukarimu kwa wanafunzi, ina mpango mmoja unaofaa kutazamwa. Ufadhili wa Hollings wa taasisi ya bahari na anga, NOAA, humpa mwanafunzi hadi dola 9,500 kwa mwaka kwa miaka miwili, na humwajiri kwa wiki 10 za kiangazi, kwa malipo, katika ofisi za taasisi hiyo. Fedha hizo Bujumbura haina. Ila wiki 10 inazo. Mwanafunzi anaweza kusimama katika kituo cha hali ya hewa saa mbili asubuhi, ambayo ni saa 6 ya saa ya ulimwengu, kumimina maji ya kipimamvua kwenye chupa yenye mistari, kusoma milimita kwa jicho lililo sawa na uso wa maji, kuziandika daftarini na kuzituma kabla dunia haijafunga hesabu ya asubuhi hiyo. Kazi hiyo ikilipwa posho na kupunguza deni la mkopo, IGEBU inapata mikono na mwanafunzi anapata fani.

Kwa upande wa masomo, kuna njia ya karibu isiyotajwa vya kutosha. Kigoma, kwenye ziwa hili hili, kuna chuo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kinachofundisha mafundi wa hali ya hewa. Darasani ni Kiingereza, ila sokoni na bwenini ni Kiswahili, na kijana wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, hatajiona mgeni. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza jumuiya hiyo kuwa eneo moja la elimu ya juu. Nafasi tatu au nne kwa mwaka huko Kigoma, na moja ya shahada Nairobi, Makerere au Dar es Salaam, hazitaitikisa bajeti.

Wapo watakaosema wahitimu watatoroka, na wengine watauliza kwa nini mtabiri apendelewe kuliko muuguzi. Swali la pili ni zito zaidi. Wauguzi huhitajika kwa maelfu, na kuwafutia wote mikopo ni uamuzi wa kiuchumi wa taifa zima. Watabiri wanaohitajika ni wachache kila mwaka, na gharama yao hulipika ndani ya mradi wowote wa vifaa vya hali ya hewa unaofadhiliwa kutoka nje. Hivyo mkataba wa mradi wa aina hiyo uwe na kifungu kinachotenga sehemu ya fedha kwa ada, na sharti la miaka mitano ya utumishi. Utoro nao una kinga yake: mwanafunzi aliyekwisha zoea kituo, akaingia katika kongamano la utabiri wa msimu ambako Burundi huketi na nchi nyingine 10 chini ya kituo cha ICPAC cha Nairobi, na akajua deni lake linapungua kila mwaka anaobaki, ana sababu tatu za kubaki. Leo hana hata moja.